Bangili ya Uzeeni

Tahani aliuweka mkono juu ya meza ya kioo ya sonara, pale sokoni Aleksandria, akasema, "Lete sabuni, bwana. Hii haitoki hivihivi."

Ilikuwa bangili yake ya mwisho. Ya kwanza ilimsomesha mwanawe, ya pili ikamwoza, ya tatu ikamuuguza mumewe mpaka akamzika. Hii alijiwekea ya uzeeni.

"Uzee gani, Mama?" Mwanawe, aliyesimama kando yake, alikuwa akimtania tangu nyumbani, maana alitaka iuzwe afungue duka la simu. "Wewe mbona bado kigoli! Siku ukizeeka nitakununulia mbili."

Sonara akainama kutafuta sabuni. Tahani, kwa mazoea tu, akaivuta bangili.

Ikatoka yenyewe. Ikapita kwenye vifundo vya vidole bila kukwama, ikaanguka juu ya kioo, ikazungukazunguka, ikatulia.

Tahani aliutazama mkono ule kama anautazama wa marehemu mama yake. Ulikonda lini?

Sonara akainuka na kipande cha sabuni, akaiona bangili, akaisogeza mizani. Lakini mwana wa Tahani akawahi kuiokota.

"Lete mkono, Mama," alisema, na safari hii hakuwa anatania.