Mafuta ya Cherehani

Magurudumu ya kiti cha Siwema yalilia kama bata, naye aliyapenda hivyo hivyo. Katika mchezo alioutunga mwenyewe, wa kwanza kuchezwa katika ukumbi wa mji, yeye ndiye mama mkwe. Wakaza wana wake wawili, waliochezwa na Hidaya na Tatu, wakisikia ule mlio tu, wanaacha umbea na kushika mafagio.

Siku ya onyesho, Bi Rukia, mshonaji wa mavazi, alimwonea huruma kwa ule mlio, asijue kuwa ni sehemu ya mchezo. Siwema akiwa anapakwa poda, bibi yule aliinama taratibu, akayatia magurudumu mafuta ya cherehani yake.

Siwema akaingia jukwaani kimya kama paka. Wakaza wana wakaendelea kumsengenya, wakiungoja mlio, hadi maneno waliyoandikiwa yakawaishia.

"Na... na wali wake una mawe," Hidaya akabuni, jasho likimtoka.

"Na anakoroma!" akadakia Tatu.

Nyuma yao, Siwema akakisimamisha kiti. Mchezo wake ulikuwa unaharibika mbele ya mji mzima. Mara mtu mmoja akacheka, kisha safu nzima.

"Geukeni, jamani! Huyo nyuma yenu!" mtazamaji mmoja akapaza sauti.

Siwema akaweka kidole mdomoni, kuwaomba watazamaji wamfichie siri. Watu wakavunjika mbavu.

Pazia lilipofungwa, Bi Rukia alikuja analia. "Nimekuharibia, mwanangu. Ni mimi niliyeyatia magurudumu mafuta."

"Mafuta yamebaki, Bi Rukia?"

"Yapo."

"Basi kesho yatie tena. Wale wawili usiwaambie."

Katika chumba cha kuvalia, Hidaya na Tatu walikuwa bado wanabishana nani alikosea. Siwema akausogelea mlango uliokuwa wazi, na magurudumu hayakusema neno.