Namba ya Mwaka wa Arobaini

Kila ilipofika siku waliyooana, Mwalimu Semboja aliandika namba kwa chaki nyuma ya mlango wa chumbani. Alichukua miaka ya ndoa yao, akaizidisha kwa yenyewe, akajumlisha miaka hiyo tena, kisha akaongeza arobaini na moja. Jibu ni namba tasa, alidai, haligawanyiki milele. Kazi ya mkewe, Mwanahawa, ilikuwa kujaribu kuligawa. Miaka thelathini na tisa alijaribu, na kila mara kilibaki kitu.

"Siku ikigawanyika kisibaki kitu, ujue nami sipo," Mwalimu alizoea kumtania.

Mwaka huu hakuweza hata kuinuka. Daktari alishamrudisha nyumbani. Mwanahawa akashika chaki mwenyewe, akaandika 1681.

Akagawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Thelathini na saba ikabakiza kumi na sita. Alipofika arobaini na moja, mkono ukamsimama. Arobaini na moja mara arobaini na moja. Hakikubaki kitu. Akarudia, ikawa vilevile.

"Vipi, imegawanyika?" Mwalimu aliuliza kitandani, sauti imemkauka.

Mwanahawa aliuziba mlango kwa mgongo. Hakuwa amewahi kumdanganya kwenye hesabu.

"Sijamaliza, Mwalimu. Usilale, nisubiri."

Akafuta yote kwa pindo la khanga, akaiacha 1681 peke yake, akaanza tena na mbili, polepole.