Kidonge cha Dawa Mbili

Jaji Mwanahawa Shekue alihisi maneno yakielea mbele yake kama vumbi juani. Tangu asubuhi wakili wa kampuni iliyotaka nayo kutengeneza kidonge cha Dokta Mbaraka alikuwa akirudia lile lile: dawa zote mbili ni za zamani, kwa hiyo kuziunganisha katika kidonge kimoja ni jambo la wazi kwa kila mfamasia, wala halistahili hataza, ile haki ya mgunduzi peke yake kukitengeneza.

Jaji akamgeukia mgunduzi. "Dokta Mbaraka, kama ni la wazi, mbona wewe mwenyewe ulichelewa kuliona?"

Mfamasia yule alisimama taratibu. "Mheshimiwa, vitabu vyote vilionya kuwa zikikutana tumboni zitaua. Niliviamini miaka kumi na mmoja. Kisha mgonjwa wangu, Bi Kidawa, akazimeza zote pamoja kwa kusahau. Nilikwenda kwake mbio nikijua nakwenda kumzika. Nikamkuta anafagia ua."

Jaji alifungua kitabu cha zamani ambacho wakili mwenyewe alikileta kama ushahidi, akalikuta onyo lile. Alilisoma mara mbili, na kwa kitambo akawa kama anaota, amesimama mlangoni pa mtu asiyemjua, akisikia ufagio pale alipotarajia kilio.

"Kitabu chako kinakataza," alimwambia wakili. "Basi halikuwa jambo la wazi; hakuna aliyeliona. Hataza inabaki."

Wakili akakusanya makaratasi yake. Dokta Mbaraka hakuketi. Nje manyunyu yalikuwa yameanza kuanguka huku jua likiwaka, naye akayatazama akitabasamu: mvua na jua pamoja, kama dawa zake mbili.