Kanda za Tyubu

Kila mpira wa maji wa rejeta ya gari lake ulipovuja, Shekiondo aliuviringishia ukanda wa tyubu ya baiskeli juu ya ule wa zamani, akaukaza kwa meno. Leo mkewe alishikwa na uchungu, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima. Hofu ikamtuma azifungue kanda zote, auone mpira wenyewe.

Alifungua, akafungua. Chini ya ukanda wa mwisho hapakuwa na mpira, ila makombo meusi, na maji yakamwagika miguuni pake. Kumbe miaka yote gari lilitembea kwa viraka. Laiti asingegusa!

"Baba Kijoli, gari tayari?" mkewe aliita kutoka kiti cha nyuma, upindo wa kanga mdomoni.

"Tayari, Mama Kijoli," alijibu, akaanza kufunga upya.

Ukanda wa kwanza ukamkatikia menoni.