Kitanda cha Chini

"Kitanda cha chini," Omuse alisema kwenye simu kwa mara ya tatu. "Cha juu hapana. Huyu ni mama wa miaka hamsini na nane, si nyani wa kupanda ngazi."

Karani wa stesheni kule Mwanza, ambaye subira yake ilikuwa inaelekea ukingoni, akamjibu kwamba vitanda vya chini vimebaki viwili tu katika chumba cha wanawake, na jina la abiria linatakiwa leo kabla ya saa kumi. Omuse akasema atapiga tena. Akachukua daftari lake, akavuka barabara ya malori, akaenda kwa Ayoo.

Mipango yote ilikuwa ya Omuse. Basi kutoka hapo Malaba, mpakani, hadi Mwanza, gesti ya kulala karibu na stesheni, kisha treni yenye vitanda mpaka Morogoro, ambako Beryl, binti pekee wa Ayoo, alikuwa amejifungua mapacha. Omuse aliendesha treni za mizigo miaka thelathini na moja, kwa hiyo mambo ya reli hakuna wa kumfundisha. Hata shuka alishamnunulia Ayoo, za maua. Majirani wakaanza kukonyezana: mzee mjane huyu, mama mjane yule, na shuka za maua! Omuse aliwaacha waseme. Afadhali wamdhanie mapenzi kuliko wajue ukweli.

Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyemuua mume wa Ayoo.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, miaka kumi na miwili iliyopita. Omuse alikuwa anaingia Malaba na makontena aliposikia kishindo. Mtu alikuwa amelala katikati ya reli. Polisi waliandika kwamba marehemu Ogweno alilewa akalala njiani, wakafunga faili, na jina la dereva halikufika msibani. Omuse akastaafu mapema, akapanga nyumba hapo hapo Malaba, akaanza kuwa jirani mwema. Alimwezekea Ayoo paa. Alimsaidia Beryl mpaka akamaliza chuo. Kila alipotenda jema alilala vizuri siku mbili, na ya tatu hatia ilirudi pale pale.

Alimkuta Ayoo uani akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulivunjika zamani, ukaungwa vibaya, na haukunyooka tena.

"Karibu, mzee. Umeongea na watu wa treni?"

"Nimeongea. Chumba ni cha wamama peke yao. Unalala, unaamka, uko karibu na wajukuu."

Ayoo akaacha kuchambua. "Hiyo kitanda, reli iko chini yake?"

"Sasa itakuwa wapi, mama?"

"Basi nikatie tiketi ya kukaa. Mimi kulala juu ya reli siwezi."

Maneno hayo yalimchoma Omuse. Aliandika "kukaa" daftarini, akijua vizuri ni nani aliyemnyima mama huyu usingizi.

Ayoo akaingia jikoni, akatoka na ugali na omena za kukaanga, akamwekea mbele yake. Omuse akashika tumbo.

"Si unajua vidonda vyangu vya tumbo, mama."

Pande hizo Waluhya, Waluo na Wateso hubishana karibu kila jambo, lakini hili hawabishani: aliyemwaga damu, hata kwa ajali, hagusi chakula cha nyumba ya marehemu kabla ya kutakaswa, la sivyo kifo kinarudi kutafuta mwingine. Omuse alikuwa shemasi wa kanisa na bado aliogopa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa hata maji pale.

"Vidonda gani?" Ayoo akauliza. "Juzi kwa matanga ya jirani yetu Egesa ulikula matumbo na pilipili. Ni kwangu tu hauli. Mzee, mimi si mtoto. Wewe ndiye ulikuwa unaendesha ile treni."

Daftari likamwanguka. Omuse akaliacha pale chini.

"Si kuendesha tu," alisema hatimaye. "Nilisinzia, mama. Honi sikupiga. Kwa ripoti niliandika nimepiga, na sikupiga. Ningekuwa macho, mzee wako angekuwa hai leo." Akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya kuku. "Nilikuwa nataka nikwambie kabla hujasafiri. Kila siku nikija hapa nataka nikwambie."

Alingoja matusi. Alingoja Ayoo apige kelele majirani waje, na moyoni alikuwa tayari hata kwa polisi.

Ayoo aliinuka, akaenda kufunga geti, akarudi kuketi karibu naye. Hakuonekana na hasira. Alikuwa akiangalia chini, akikwepa macho yake.

"Hata ungepiga honi," alisema polepole, "Ogweno hangesikia."

"Najua. Walisema alikuwa amelewa, lakini..."

"Ogweno hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Hata mkono huu aliuvunja na akili zake timamu. Treni yako ilipofika, alikuwa amekufa tangu jana yake jioni. Ni mimi nilimpeleka pale na wilbaro."