Shamba la Fisi Bondeni

Kakakuona alikuwa mkadiriaji wa mashamba, na neno lake halikupingwa. Fisi, aliyetaka kuuza shamba lake la bondeni, akamwita alikague. Kakakuona akachimba, akakuta maji yameila ardhi kwa chini, limebaki ganda tu.

"Hili litadidimia, Bwana Fisi."

"Andika ni zuri. Kile kichuguu changu cha mchwa kitakuwa chako."

Kakakuona alisita, kisha akaandika.

Masika yalipokolea, shamba likazama pamoja na waliolinunua. Kakakuona akaenda kutazama, akamkuta mkwewe ukingoni, ametapakaa matope.

"Mwanao yumo humo, baba," mkwe akasema. "Nilitaka tulikague kwanza. Akaniambia, baba ameshaandika ni zuri, tunakagua nini tena?"