Mgongo wa Bwana Harusi

Mimi hadithi hainipotei hata moja; jina la mji huu tu ndilo lililonitoka.

Kinyozi Shebwana alikuwa akimsinga Kheri, akimsugua mwili kwa liwa ya msandali, maana kesho anaoa. Kheri alikuwa amerudi kutoka porini peke yake, akaapa kwamba yeye na marehemu mwana wa Shebwana walimkabili chui uso kwa uso. Ushujaa huo ndio uliompatia mke.

“Kifua laini, hakina kovu,” alisema Shebwana. “Geuka, mwanangu.”

“Mgongo uache, baba.”

“Nikimsinga shujaa nusu, wakwe watanicheka.” Akawaita wakwe waliokuwa barazani.

Wakamshika mikono, wakampindua kwa utani, kisha kicheko kikakatika. Alama za makucha zilishuka kutoka begani hadi kiunoni.

“Mwanangu nilimwosha mwenyewe,” alisema Shebwana, akichota liwa nyingine. “Majeraha yake yalikuwa kifuani.”

“Chui alituzunguka,” alisema Kheri, na wakwe hawakumwachia mikono.